Namna ya kuwapata wasanii, wapiga picha na wabunifu wa leo bila kungoja simu ikuletee

Maswali ni yaleyale kila mara. Nianzie wapi? Nimfuate nani? Nitajuaje kama huyu ana ubunifu wa kweli au anaiga tu? Jibu la haraka huwa ni orodha ya majina kumi, na orodha ikiisha unarudi palepale ulipoanzia. Mwongozo huu ni wa kukuwezesha kutengeneza orodha yako mwenyewe, ikue wiki hadi wiki.

Kanuni inayoubeba wote ni moja: fuata jina, usifuate picha. Picha itakuletea picha nyingine inayofanana nayo. Jina litakuletea watu: aliyemfundisha, aliokaa nao studio moja, aliyemchagua kwenye maonyesho, aliyemchapia kitabu.

Utakachohitaji

- Simu au kompyuta yenye intaneti. Kwa hatua ya 3 kompyuta ni bora, maana utafungua kurasa nyingi kwa wakati mmoja.
- Lahajedwali, au daftari la kawaida, lenye safu sita: jina, mji anakofanyia kazi, nyenzo anazotumia, kazi moja na mwaka wake, nimempata kupitia nani, tarehe ya kumwangalia tena.
- Folda moja ya picha. Kila faili ipe jina kwa mpangilio huu: jina la msanii, jina la kazi, mwaka. Picha yenye jina "IMG_4471" baada ya miezi miwili haina faida yoyote.
- Saa mbili kwa wiki, kwa kikao kimoja. Dakika kumi leo na kumi kesho hazitoshi, kwa sababu mnyororo wa majina hukatika ukiuacha njiani.

Shahada ya sanaa haihitajiki, wala fedha za kununua chochote.

Hatua ya 1: Punguza swali lako

"Wasanii wazuri wa leo" si swali la kutafutia. Unganisha vitu viwili kati ya hivi: nyenzo, mada, namna ya kufanya kazi. Mifano: wapiga picha wanaojipiga wenyewe wakiwa wamevaa uhusika wa watu wengine, wachongaji wanaotumia vitu vilivyotupwa, wabunifu wa samani wanaotumia taka za vifaa vya umeme. Liandike swali juu kabisa ya lahajedwali. Ukimaliza mwezi nalo, libadilishe.

Angalizo: neno "wa leo" lisikufanye utafute vijana peke yao. Tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza, ilikuwa na kikomo cha umri wa miaka 50 tangu 1991. Kikomo kiliondolewa 2017, na mwaka huohuo mshindi akawa Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954. Alikuwa na miaka 63, na kazi yake ilikuwapo miongo mitatu kabla ya watu wengi kulisikia jina lake. Ukichuja kwa umri unajinyima watu wa namna hii.

Hatua ya 2: Chagua watu watatu wa kuanzia

Wawe watatu, wasiwe mmoja. Ukianza na mmoja utazunguka ndani ya kundi la marafiki zake. Hakikisha wametoka nchi au vizazi tofauti, lakini wote wanajibu swali lako. Kwa swali la wanaojipiga picha, watatu wazuri ni hawa:

- Samuel Fosso, aliyefungua studio yake mjini Bangui mwaka 1975 akiwa na miaka 13, na kuitumia filamu ya kamera iliyobaki baada ya picha za wateja kujipiga mwenyewe. Katika mfululizo wake wa 2008 amejigeuza kuwa viongozi na watu mashuhuri, kama Malcolm X na Angela Davis.
- Zanele Muholi wa Afrika Kusini, anayejipamba kwa vibanio vya nguo na vyuma vya kusugulia sufuria, kisha kuongeza ukali wa weusi kwenye picha mpaka ngozi ing'ae.
- Omar Victor Diop wa Senegali, aliyejivika sura za Waafrika wa kihistoria walioishi ughaibuni, kisha katika kila picha akaingiza kitu cha soka: mpira, filimbi, glavu za golikipa.

Ni vizuri wa kuanzia wawe maarufu kiasi. Umaarufu wao ndio unaoacha nyaraka, na nyaraka ndizo tunazozifuata. Wasiojulikana utawakuta hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Soma wasifu wake, si picha zake

Kazi kubwa iko hapa, na hapa ndipo wanaoanza wengi huruka. Tovuti ya msanii, au ya galari (nyumba inayoonyesha na kuuza kazi za sanaa) inayomwakilisha, huwa na ukurasa wa wasifu: orodha kavu ya miaka, miji na majina. Inaonekana kama kitu cha kuombea kazi. Kwa mtafutaji ni ramani.

Soma kwa mpangilio huu:

a) *Maonyesho ya pamoja.* Achana kwanza na maonyesho binafsi, kwa sababu humo yumo yeye tu. Katika ya pamoja, tafuta yale yenye watu kati ya watano na kumi na watano. Maonyesho madogo huwa na wazo moja, na mtu fulani ameketi akachagua nani akae karibu na nani. Bienale, yaani maonyesho makubwa ya kila baada ya miaka miwili, yenye washiriki mia ni ya kurudia baadaye, ukishajua unachotaka.

b) *Ukaazi wa wasanii,* yaani programu zinazompa msanii chumba cha kazi kwa miezi kadhaa. Waliokaa pamoja mwaka mmoja hutazamana wakifanya kazi, na programu nyingi huweka orodha ya wakaazi wa miaka yote. Mchoraji Kehinde Wiley, kwa mfano, alikuwa mkaazi wa jumba la makumbusho la Studio Museum in Harlem, New York, 2001 hadi 2002. Mwaka 2019 alifungua kituo chake mwenyewe cha ukaazi, Black Rock, mjini Dakar. Wasifu wa mtu mmoja umekupa orodha mbili, moja kila upande wa Atlantiki.

c) *Elimu.* Andika chuo na mwaka wa kuhitimu, kisha tafuta waliohitimu mwaka huohuo na mwalimu aliyewafundisha.

d) *Tuzo.* Usiandike mshindi tu. Tafuta waliobaki kwenye orodha fupi. Tuzo ya Turner na Tuzo ya Upigaji Picha ya Deutsche Börse kwa kawaida huwa na wanne kila mwaka. Mshindi anaandikwa kila mahali, watatu wengine husahaulika wiki inayofuata, na mara nyingi katika hao watatu ndimo alimo mtu wako.

Tazama mnyororo unavyofanya kazi. Wasifu wa Fosso unaonyesha kwamba alishiriki Rencontres de Bamako, maonyesho ya upigaji picha wa Afrika, yalipoanza mwaka 1994. Fungua orodha za washiriki wa miaka iliyofuata. Ukifika 2015 utakuta kwamba mkurugenzi wa kisanaa alikuwa Bisi Silva. Tafuta jina lake: alianzisha Kituo cha Sanaa ya Kisasa, Lagos, mwaka 2007, na mwaka 2010 akaanzisha Àsìkò, shule ya kuhamahama iliyowakusanya wasanii na wasimamizi wa maonyesho wachanga katika miji mbalimbali ya Afrika. Sasa una orodha za washiriki wa Àsìkò, watu ambao simu yako isingekuletea hata ungeipapasa usiku kucha. Umepita vituo vitatu tu.

Katika kila kikao chukua majina mapya yasiyozidi nane. Ukizidisha hutayaangalia ipasavyo. Safu ya "nimempata kupitia nani" ijaze hapohapo, kwa maana ndiyo itakayokuonyesha baadaye ni mlango gani unaokufaa.

Hatua ya 4: Wajue wanaochagua

Nyuma ya kila maonyesho mazuri yupo msimamizi aliyeyaunda, na jina lake liko kwenye ukuta wa kuingilia, kwenye katalogi na kwenye tangazo. Ukipenda maonyesho mawili na kugundua kwamba yaliundwa na mtu mmoja, mfuate mtu huyo kwa bidii kuliko unavyomfuata msanii yeyote. Okwui Enwezor aliongoza bienale ya Johannesburg mwaka 1997, documenta, maonyesho makubwa ya sanaa ya Kassel, Ujerumani, mwaka 2002 na bienale ya Venice mwaka 2015. Anayesoma orodha za washiriki wa maonyesho hayo matatu kwa kufuatana anapata elimu nzima ya sanaa ya wakati wetu. Fanya vivyo hivyo kwa Koyo Kouoh, mwanzilishi wa kituo cha sanaa cha RAW Material Company cha Dakar, aliyeongoza jumba la makumbusho ya sanaa la Zeitz MOCAA la Cape Town kuanzia 2019 hadi alipofariki 2025.

Ukishakuwa na wasimamizi watano unaowaamini, nusu ya kazi ya kila wiki ni kuangalia wamefungua nini.

Hatua ya 5: Kila fani na mlango wake

*Wapiga picha* utawapata vizuri zaidi kwenye vitabu kuliko kwenye skrini. Kitabu cha picha ni kazi kamili: mpangilio, ukubwa, karatasi, nafasi nyeupe. Rinko Kawauchi wa Japani alijitambulisha mwaka 2001 kwa vitabu vitatu vilivyotoka pamoja, na hadi leo anayeziona picha zake mojamoja mtandaoni hakosi kupotewa na nusu ya maana, kwa kuwa maana iko kwenye picha mbili zinazotazamana ukurasa kwa ukurasa. Fungua katalogi za wachapishaji wadogo na wa kati, kama MACK na Loose Joints, usome orodha nzima ya vitabu vyao, usiishie vipya. Kisha angalia orodha fupi za tuzo za vitabu vya picha zinazotolewa tangu 2012 na Paris Photo (maonyesho ya biashara ya picha) na Aperture (mchapishaji wa Marekani). Kwa matamasha ya upigaji picha, anza na Arles ya Ufaransa (tangu 1970), Bamako, LagosPhoto (tangu 2010) na Addis Foto Fest, lililoanzishwa na mpiga picha Aida Muluneh mwaka huohuo wa 2010.

*Wabunifu* watafute kwenye maonyesho ya wahitimu. Mbunifu akishaajiriwa, kazi yake huvaa jina la kampuni, lakini kazi ya kuhitimu ni yake mwenyewe. Maarten Baas alihitimu chuo cha ubunifu cha Design Academy Eindhoven, Uholanzi, mwaka 2002 kwa samani alizozichoma moto zikawa mkaa, kisha akazipaka resini (gundi inayokauka ikawa ngumu) ili zibaki imara na kukalika. Simone Farresin na Andrea Trimarchi, wanaojiita Formafantasma, walitoka chuo hichohicho mwaka 2009, na baadaye wakafanya utafiti na samani kutokana na taka za vifaa vya umeme. Maonyesho ya wahitimu wa chuo hicho hufanyika kila Oktoba na kazi huwekwa mtandaoni. Chagua vyuo vitatu, weka tarehe zao kwenye kalenda.

Kwa wabunifu wa vitabu na herufi kuna njia inayopuuzwa mno: kurasa za mwanzo na za mwisho za kitabu. Ukishika kitabu kinachokupendeza kwa umbo, kipindue. Penye maandishi madogo yenye jina la mchapaji na aina ya karatasi, mara nyingi pameandikwa pia nani alikibuni na herufi zilizotumika ni zipi. Hizo herufi nazo zina mbunifu wake. Ukurasa mmoja, majina mawili.

*Wachoraji, wachongaji na wengine* watafuate kwa ukaazi na maonyesho ya pamoja, kama ilivyo hatua ya 3.

Hatua ya 6: Soma maelezo ya kazi kabla ya kuisifu

Maelezo kamili yana vitu vitano: jina la msanii, jina la kazi, mwaka, nyenzo, vipimo. Kukiwa na cha sita, yaani aliyeipiga picha kazi hiyo, andika nacho, maana wanaopiga picha maonyesho huzunguka studio nyingi na kurasa zao ni hazina.

Mstari wa nyenzo usiuruke kamwe. Kazi za mchongaji El Anatsui wa Ghana ukiziona kwenye simu utadhani ni kitambaa kikubwa cha dhahabu kilichotundikwa. Soma nyenzo: alumini na waya wa shaba. Ni vifuniko vya chupa za pombe, maelfu, vilivyobondwa, kukunjwa na kufungwa kimoja kimoja. Mchoraji Michael Armitage hupaka rangi ya mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda. Kuza picha uangalie: kuna mishono na matundu ya asili ya gome, na utaona ameyaachia yaongoze mchoro badala ya kuyaficha. Msanii Ibrahim Mahama wa Ghana hushona magunia ya juti yaliyokwisha kubeba kakao na mkaa mpaka yafunike majengo mazima, na alama za wafanyabiashara bado zimo.

Baada ya hapo jiulize: nyenzo hii ikibadilishwa, kazi inapoteza nini? Gunia la Mahama likiwa jipya kutoka kiwandani, kazi imekufa. Penye jibu zito kama hilo kuna ubunifu. Ukikuta kwamba hakuna kingepotea, huenda unaangalia pambo zuri, na si vibaya, ila liandike hivyo.

Hatua ya 7: Hakiki jina na kazi

Picha ikikufikia bila jina, itafute kwa picha yenyewe kupitia Google Lens au TinEye. Katika TinEye panga matokeo kuanzia ya zamani kabisa. Nakala ya kwanza ndiyo iliyo karibu na chanzo. Usitosheke mpaka ufike kwenye ukurasa wa msanii, galari yake, makumbusho au mchapishaji.

Jihadhari na picha zilizotengenezwa kwa akili mnemba na kupachikwa jina la "msanii" asiyekuwapo. Dalili hazipo kwenye vidole na meno tu, maana hizo zinarekebishwa kila siku. Ziko kwenye nyaraka: hakuna mwaka, hakuna vipimo, hakuna picha ya kazi ikiwa ukutani au sakafuni na watu pembeni, hakuna maonyesho hata moja, na kazi mia mbili zimetoka ndani ya miezi mitatu. Wapo wasanii wanaotumia akili mnemba kwa makini na kusema wazi jinsi walivyofanya. Hao waandike kama wengine.

Hatua ya 8: Angalia kazi kumi na tano kabla ya kuamua

Picha moja nzuri inaweza kuwa bahati. Tafuta kazi kumi na tano za miaka isiyopungua mitatu, zipange kwa mwaka, kisha zitazame kwa mfuatano. Unatafuta mwendo: swali analolirudia na namna anavyolijibu tofauti kila mara. Anayerudia umbo lilelile kwa rangi mpya amepata soko. Anayerudi kwenye swali lilelile kwa njia asiyoizoea ndiye wa kumwekea tarehe.

Hatua ya 9: Rudi

Weka tarehe ya kuangalia tena: miezi sita kwa wachanga, mwaka kwa wengine. Jiandikishe kwenye majarida ya barua pepe ya wasanii, galari na wachapishaji wako, kwa sababu hayapitii kwenye mchujo wa mtandao wa kijamii. Ukiweza kufika kwenye siku za studio wazi, fika. Ukimwandikia msanii, andika mistari mitano: kazi ipi, uliiona wapi, umeona nini ndani yake, swali moja, ahsante. Usiombe picha za bure wala ushauri wa maisha.

Makosa yanayojirudia

- Kuhifadhi picha nyingi bila majina. Hiyo ni folda ya mapambo, na haikufikishi kwa mtu yeyote.
- Kupima kwa idadi ya wafuasi. Wachongaji na wabunifu wa vitabu wengi hawana muda wa kuweka kitu mtandaoni kila siku.
- Kumwona mwigaji kwanza na kumpa sifa za aliyebuni. Kinga yake ni mwaka wa kazi, uandike kila mara.

Ukikwama

*Majina ni yaleyale kila ninapofungua.* Umenasa kwenye kundi moja. Rudi kwa mtu wako wa pili au wa tatu wa hatua ya 2, au badilisha mlango: kama umekuwa ukifuata maonyesho, fuata wachapishaji.

*Ukurasa wa maonyesho ya zamani haufunguki.* Bandika anwani yake kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya nakala za kurasa za zamani, uchague mwaka ambao maonyesho yalifanyika.

*Msanii hana tovuti.* Tafuta jina lake likiwa ndani ya alama za nukuu pamoja na jina la mji au la galari. Orodha za washiriki na katalogi huhifadhiwa kwa muundo wa PDF, kwa hiyo ongeza neno hilo pia.

*Jina ni la watu wawili.* Hutokea hata kwa wakubwa: Steve McQueen aliyeshinda Tuzo ya Turner mwaka 1999 si mwigizaji wa Kimarekani aliyefariki 1980. Ongeza nyenzo au mwaka kwenye utafutaji, na kwenye lahajedwali andika mwaka wa kuzaliwa.

*Maelezo yako kwa lugha nisiyoijua.* Wasifu hauhitaji tafsiri kubwa, ni miaka na majina tu. Maandishi marefu yapitishe kwenye programu ya kutafsiri, lakini jina la kazi liache kama lilivyo, la sivyo hutalipata tena.

*Nimeangalia sana, sasa hakuna kinachonigusa.* Macho yamechoka. Simamisha kutafuta kwa wiki mbili, chagua kazi moja iliyokwisha kuingia kwenye lahajedwali, uiangalie dakika kumi na tano bila kufungua kitu kingine kwenye simu, kisha uandike mistari mitatu ya unachokiona. Ukirudi, anza na swali jipya la hatua ya 1.